Pleti Huchaguliwa Kuanzia Kwenye Mashine ya Kuchapia

Mwenyekiti, wachapaji wenzangu, nanyi vijana mlio mafunzoni,

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kuchagua pleti, yaani bamba linalobeba picha ya kuchapwa, kwa kiwanda kinachopeleka kazi moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye bamba, mfumo ambao sote humu tunauita kwa herufi zake tatu, CTP. Nimeleta pleti tatu, zipo juu ya meza hii, na kioo cha kukuzia kiko pembeni. Ukizitazama kutoka hapo ulipoketi, zote ni mabati membamba ya alumini yenye utando wa kibuluu au wa kijani, na huenda usione kwa nini moja iuzwe ghali kuliko nyingine. Kwa kuwa tofauti haionekani, pleti nyingi huchaguliwa na mtu wa manunuzi kwa kutazama bei ya meta moja ya mraba, au na mtu wa chumba cha maandalizi kwa kutazama kile ambacho leza yake, ile inayochora picha juu ya pleti (kazi tunayoiita kuchoma), inakubali, ilhali atakayeshinda nayo kutwa nzima ni mchapaji aliyesimama penye mashine, ambaye mara nyingi hakuulizwa neno. Rai yangu leo ni kwamba mwenendo huo ugeuzwe: tuanze kwenye mashine ya kuchapia, kwenye wino, karatasi na idadi ya nakala, kisha turudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye leza.

Kwanza niseme machache kuhusu kitu chenyewe. Kanuni tunayoifuata ni ile aliyoitumia Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa karne ya 18 alipochapa kwa jiwe la chokaa: mafuta na maji hayapatani. Sehemu yenye picha hupokea wino, na sehemu isiyo na picha hushika maji na kuukataa wino. Jiwe limeiachia nafasi alumini, ambayo uso wake huchimbwa kwa asidi na umeme hadi ujae vijishimo visivyoonekana kwa macho, kisha hutiwa umeme tena ndani ya asidi ili ujijengee ngozi ngumu ya oksidi, na juu ya ngozi hiyo ndipo hupakwa utando unaoathiriwa na mwanga au joto. Vijishimo hivyo hushika maji, na papo hapo huupa utando mahali pa kung'ang'ania. Wauzaji hupenda kuzungumzia utando. Mimi huuliza kwanza habari za vijishimo na za ngozi ya oksidi, kwa sababu pleti isiyoshika maji vizuri haiponywi na leza yoyote. Dalili zake mchapaji anazijua: akiongeza maji, wino unapauka, akiyapunguza, kingo za karatasi zinaanza kuchafuka, na ile nafasi iliyopo kati ya maji mengi na maji machache, ambayo kwenye pleti nzuri ni pana kiasi cha mtu kupumua, imekuwa nyembamba kama uzi.

Sasa twende penye mashine. Swali la kwanza ni nakala ngapi, na la pili, ambalo husahaulika, ni kwa wino gani. Pleti nyingi za joto (zinazochomwa kwa leza ya joto) zisizookwa kwenye tanuri hutajwa kuwa zinatoa nakala 100,000 hadi 200,000, na zinazookwa hutajwa kufika milioni moja na kupita. Namba hizo si za uongo, ila zimefungwa na masharti: wino wa kawaida, karatasi isiyotoa vumbi, rola zilizokazwa ipasavyo, na maji ya mashine yaliyopimwa. Ondoa sharti moja na namba inaporomoka.

Niliyajua hayo kwa gharama. Miaka kadhaa iliyopita, katika kiwanda nilichokuwa nikifanyia kazi, tulipokea kazi ya maboksi iliyotakiwa kuchapwa kwa wino unaokaushwa na taa za urujuanimno (UV). Pleti tuliyokuwa nayo stoo iliandikwa nakala 150,000, na kazi yenyewe ilikuwa nakala 60,000 tu, kwa hiyo hakuna aliyepiga hesabu mara ya pili. Kabla hazijatimia nakala 20,000 mchapaji alinituma nije nitazame. Juu ya boksi palikuwa na uso wa mtoto, na shavu lake lilikuwa limeanza kupauka, kwa maana nukta ndogo zinazounda picha zilikuwa zikitoweka moja baada ya nyingine, huku maandishi mazito yaliyo chini ya picha yakiwa bado meusi tititi kana kwamba hakuna kilichoharibika. Tulichoma seti mpya ya pleti nne tukaendelea, na baadaye tukachoma nyingine. Usiku ule niliisoma upya karatasi ya maelezo, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, nikaona kwamba ile namba ilihusu wino wa kawaida. Wino wa urujuanimno pamoja na dawa zinazousafisha huula utando wa pleti nyingi, na uwezo wake hubaki sehemu ndogo ya ule ulioandikwa. Aliyetuuzia hakutudanganya, hatukumwuliza, naye hakujitolea kutuambia.

Ziko njia mbili za kujikinga na hali hiyo. Ya kwanza ni kununua pleti iliyotengenezwa kwa kuustahimili wino huo. Ya pili ni kuoka, yaani kuipitisha pleti kwenye tanuri lenye joto linalozidi nyuzi 200 za Selsiasi kwa dakika chache, baada ya kuipaka gundi maalumu ya kukinga sehemu zisizo na picha, ili utando ukazike na kuwa mgumu. Kuoka ni njia ya zamani na inafaa, lakini si kila pleti huokwa, na joto likipita kiasi alumini yenyewe hulegea, pleti ikavutika inapofungwa kwenye silinda na rangi zikaacha kukaa juu ya nyingine. Kiwanda chenye kazi kama hiyo mara moja kwa mwezi hakina haja ya kubadilisha pleti zake zote kwa ajili yake. Kiweke boksi moja au mawili ya pleti zinazoustahimili wino huo, na kikubali kwamba aina mbili za pleti maana yake ni mipangilio miwili ya leza, na kwamba siku moja mtu atachanganya.

Karatasi nayo ina neno. Karatasi isiyopakwa huachia vumbi na nyuzinyuzi, na chokaa iliyomo ndani ya karatasi nyingi za leo husaga pleti polepole kama msasa laini. Anayechapa vitabu vya shule kwa karatasi ya namna hiyo anahitaji ugumu zaidi kuliko anayechapa vipeperushi kwenye karatasi ya kung'aa, hata kama idadi ya nakala ni moja.

Baada ya hayo ndipo tufike kwenye leza, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu leza uliyonayo huwa imekwisha kukukatia nusu ya uchaguzi. Tangu maonyesho ya uchapaji ya drupa ya mwaka 1995 mjini Düsseldorf, ambako mashine za CTP zilionyeshwa kwa wingi, soko limejigawa katika koo chache. Kuna leza za joto zinazotumia miale ya infraredi ya takriban nanomita 830. Kuna leza za urujuani za nanomita 405, jamii moja na zile zinazosoma diski za Blu-ray. Na kuna mashine zinazotumia miale ya urujuanimno kuchoma pleti za kawaida, zile zile tulizokuwa tukichoma kwa filamu. Pleti ya ukoo mmoja haichomeki kwenye mashine ya ukoo mwingine, na yeyote atakayekuuzia mashine iliyotumika bila kukutajia urefu wa wimbi la leza yake anakuachia fumbo utakalolifumbua kwa fedha zako.

Pleti ya joto hutaka nishati nyingi, mara nyingi kati ya milijuli 100 na 150 kwa sentimita moja ya mraba, ilhali ya urujuani hutosheka na makumi ya maikrojuli, ambayo ni zaidi ya mara elfu moja pungufu. Mambo mengi yanatokana na tofauti hiyo. Pleti ya urujuani huchomwa upesi kwa leza dhaifu na ya bei ndogo, ndiyo maana viwanda vya magazeti viliipenda, lakini unyeti huohuo huilazimisha ishikwe chini ya taa za manjano, na boksi likifunguliwa kwa bahati mbaya kwenye mwanga wa mchana limekwisha. Pleti ya joto hushikwa kwenye mwanga wa kawaida wa chumba, jambo ambalo mafundi wetu hulishukuru kila asubuhi, lakini vichwa vyake vya leza ni ghali, na kikifa kimoja mwenye kiwanda hatalala.

Tofauti nyingine iko kwenye ukingo wa nukta. Utando wa pleti ya joto una kizingiti: joto lisipofika kiwango fulani hakuna kinachotokea, na likifika, mabadiliko yanakamilika, wala kuongeza hakuongezi sana. Kwa hiyo nukta hutoka na ukingo mkali. Utando wa fotopolima, yaani plastiki inayokazwa na mwanga, unaochomwa kwa urujuani hujibu kidogo kidogo kadiri mwanga unavyoongezeka, na ukingo wake huwa laini zaidi. Je, jambo hilo lina uzito gani? Hebu tulipime. Chukueni skrini, yaani mpangilio wa nukta zinazounda picha, ya mistari 175 kwa inchi, ambayo ni ya kawaida katika kazi za rangi. Nukta ya asilimia 1, yaani inayofunika sehemu moja kati ya mia ya nafasi yake, katika skrini hiyo ina upana wa maikroni 16 hivi, na unywele wa binadamu ni mnene zaidi ya mara tatu kuliko hapo. Ikiwa mashine inaandika alama 2,540 kwa inchi, kila alama ya leza ni maikroni 10, maana yake nukta nzima ya asilimia 1 imejengwa kwa alama mbili tu za leza. Ukipoteza moja, umepoteza nusu ya nukta. Kwa hiyo muuzaji anaposema pleti yake inashika asilimia 1 hadi 99, anachodai ni kwamba hata hizo alama mbili zitanusurika leza, zitanusurika dawa ya kuoshea, na zitanusurika kusuguliwa na rola. Kwa gazeti, madai hayo hayana maana, kwa sababu karatasi yake hainyanyui nukta ndogo hivyo. Kwa anayechapa nyuso za watu, vito au vitambaa vyeupe, yana maana yote.

Kuna jambo dogo ambalo sijaona likiandikwa sana kwenye vijitabu vya wauzaji, nalo ni namna vumbi linavyojionyesha. Pleti nyingi za joto ni chanya: leza hulegeza sehemu isiyo na picha ili dawa iiondoe. Chembe ya vumbi ikizuia leza, utando hubaki pale usipotakiwa, na kwenye karatasi nyeupe hutokea nukta ya wino. Fotopolima ni hasi: leza hukaza sehemu ya picha, na chembe ya vumbi ikiizuia, hutokea tundu jeupe katikati ya rangi. Nukta ya ziada fundi anaweza kuifuta kwa kalamu ya kurekebishia pleti ikiwa bado mezani. Tundu jeupe halizibiki kwa urahisi, na mara nyingi dawa yake ni kuchoma upya. Kwa hiyo kiwanda chenye chumba cha vumbi kifikirie hilo, ingawa dawa ya kweli ni ufagio na kichujio cha hewa.

Nije sasa kwenye kuosha, ambako ndiko pleti nzuri huharibiwa. Dawa ya kuoshea pleti za joto ni ya alkali kali, na hufanya kazi katika joto lililopangwa, kwa kawaida karibu na nyuzi 23 hadi 25. Dawa huchoka kwa namna mbili. Huchoka kwa kazi, kwa sababu kila pleti inayopita huacha utando wake ndani, na hilo mashine hulifidia kwa kuongeza dawa mpya kila baada ya meta kadhaa za mraba. Lakini pia huchoka kwa kukaa tu, kwa sababu kabonidayoksaidi iliyomo hewani huingia ndani yake na kuipunguza ukali, hata kama hakuna pleti iliyopita tangu Ijumaa. Hii ndiyo sababu kiwanda kidogo kinachochoma pleti kumi kwa siku hupata taabu kuliko kikubwa kinachochoma mia tatu: dawa yake inakufa kwa uzee kabla ya kufa kwa kazi, na pleti za Jumatatu asubuhi hazifanani na za Alhamisi. Kisha lazima dawa iliyochakaa itupwe kwa utaratibu, wala haifai kumwagwa kwenye mfereji.

Kwa viwanda vya namna hiyo, na labda kwao kwanza, ndipo pleti zisizooshwa zina hoja. Pleti hizi huchomwa kwa leza ya joto na kufungwa moja kwa moja kwenye mashine ya kuchapia. Maji ya mashine hulainisha utando usiotakiwa, wino huung'oa, na karatasi chache za mwanzo huondoka nao. Hakuna dawa, hakuna mashine ya kuoshea, hakuna maji ya kusuuzia. Nazipenda, lakini tusijidanganye kwamba kazi ya kuosha imefutwa. Imehamishiwa kwenye mashine ya kuchapia, na sasa mchapaji ndiye mwoshaji. Maji yake yakiwa na asidi isiyo sawa au rola zake za maji zikiwa zimechakaa, pleti ile ile iliyosifiwa itamtia uchafu. Zaidi ya hayo, picha kwenye pleti isiyooshwa hufifia mno kiasi kwamba jicho linaitafuta, na vifaa vingi vya kupimia nukta haviisomi vizuri, hivyo kosa ambalo zamani lingeonekana mezani huonekana karatasi zikiwa zinatoka. Pia hukwaruzika kwa urahisi, na haifai kuachwa kwenye mwanga mweupe kwa saa nyingi kabla ya kufungwa. Kati ya hizo na zile zinazooshwa kwa dawa kali, zipo pleti zinazosafishwa kwa gundi tu. Picha yake huonekana zaidi, ila bado unahitaji mashine ndogo ya kuzisafishia. Ushauri wangu, na wapo wenye uzoefu kunizidi watakaonipinga, ni kwamba kiwanda kisihamie kwenye pleti zisizooshwa kabla ya kutengeneza maji na rola zake. Ukizitengeneza hizo kwanza, utashangaa hata pleti zako za zamani zimekuwa bora.

Jambo la mwisho lenye uzito ni usawa wa nukta kutoka boksi moja hadi jingine. Kila aina ya pleti ina tabia yake: ukiiagiza nukta ya asilimia 50, moja inakupa 50, nyingine 48, nyingine 52. Hilo si kosa, kwa kuwa mkunjo wa marekebisho, yaani vipimo vya kuongeza au kupunguza nukta, ndani ya ripu, programu inayogeuza kurasa kuwa nukta za leza, hulisawazisha, na baada ya hapo nukta itapanuka tena ikihamia kwenye blanketi la mpira linalopokea wino kutoka kwenye pleti, na kwenye karatasi, upanuzi ambao kiwango cha ISO 12647-2 kimeuwekea malengo. Kosa ni kubadilisha pleti bila kubadilisha mkunjo. Nimeshuhudia kiwanda kikihamia pleti ya bei nafuu siku ya kwanza ya mwezi, na kwa wiki mbili kila mmoja alimlaumu mwenzake: mchapaji aliulaumu wino, mwuza wino aliilaumu karatasi, na mteja aliwalaumu wote kwa kuwa ngozi za watu kwenye kalenda yake zilikuwa nyekundu kama zimeungua na jua. Alipopatikana mtu wa kupima pleti, ile asilimia 50 ilikuwa 55. Kilichohitajika ni saa moja ya kazi. Mkunjo huwezi kuutumia, hata hivyo, kwa pleti ambayo boksi lake la leo linatoa 50 na la wiki ijayo linatoa 54, kwa sababu hujui urekebishe lipi. Hapo ndipo bei ndogo hugeuka kuwa ghali. Pleti moja ikirudiwa, hupotezi bei ya bamba peke yake; unapoteza dakika ambazo mashine imesimama, karatasi za kuanzia upya, na muda wa watu watatu waliosimama wakisubiri.

Kuhusu utunzaji nitapita upesi: pleti zikae zimelazwa katika vifungashio vyake, mbali na joto na unyevu, na boksi lililotoka kwenye gari lenye baridi au joto liachwe chumbani siku nzima kabla ya kufunguliwa. Pleti zilizokwisha kutumika zikusanywe safi, zisichanganywe na chuma, maana alumini yake ni safi na kuiyeyusha upya hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kuitengeneza kutoka kwenye madini.

Basi kabla hamjatia saini, mwombeni muuzaji maboksi mawili yenye namba tofauti za utengenezaji. Yachomeni kwa siku mbili tofauti, moja dawa ikiwa mpya na jingine dawa ikiwa imezeeka, mkiwa na ukanda wa kupimia wenye mistari ya alama moja moja ya leza na nukta kutoka asilimia 1 hadi 99. Pimeni ile ya asilimia 50 katika pembe nne za pleti na katikati. Kisha mpeni mchapaji azifunge, apunguze maji hadi pleti ianze kuchafuka, ayaongeze hadi isafike, ahesabu karatasi zilizopita, na aandike hesabu hiyo kwa mkono wake. Mwulizeni yeye kwanza.

Pleti hizi tatu zimechomwa kwa faili moja. Ile ya kushoto ni ya urujuani, ya katikati ni ya joto na imeoshwa, na ya kulia haijaoshwa, kwa hiyo itabidi muiinamishe kwenye mwanga ndipo mwone kitu. Kioo cha kukuzia ni kimoja, naomba tupange foleni.